Kabla hujaongeza betri, angalia jenereta lako linafanya nini usiku

Jamani nianze na aibu yangu. Nilifunga paneli za sola pale karakana, nikajua basi dizeli kwaheri, mwisho wa mwezi naangalia bili ya mafuta imepungua kidogo tu. Nikalaumu paneli, nikamlaumu fundi, kumbe tatizo ni langu.

Usiku mmoja nikaenda kuangalia mita ya jenereta. Jenereta la kilowati 24 linanguruma peke yake kwa ajili ya friza mbili na taa za nje, mzigo haufiki hata kilowati 2, na linakunywa karibu lita 2 kwa saa!! Yaani lita moja inanipa umeme kama uniti moja wakati likibebeshwa mzigo wa kueleweka lita hiyohiyo inatoa uniti 3 hivi. Na kwenye ekzosi kulikuwa na mafuta meusi yanachuruzika, ndo dalili ya injini inayofanya kazi chini ya uwezo wake muda mrefu. Afu kila lita ikiungua inatoa kama kilo 2.7 za hewa ukaa (usishangae kwamba ni nzito kuliko dizeli yenyewe, ile kaboni inachukua oksijeni ya hewani).

Sasa nilichofanya kwanza sikununua kitu. Pampu ya maji iliyokuwa inawashwa jioni nikaihamishia saa tano mpaka saa nane mchana, tangi likijaa juu limejaa, hiyo tayari ni betri na haichakai. Friza nazo nikazigandisha sana mchana jua likiwa kali ili usiku zisihangaike. Hapo ndo nikanunua betri, ya kutosha usiku mmoja tu, ndogo kuliko ile niliyokuwa nashawishiwa ninunue.

Kabla ya hapo lakini andika matumizi yako kila saa kwa wiki nzima. Zipo programu kama HOMER, ilianzia NREL, maabara ya nishati jadidifu kule Marekani, inakujaribia michanganyiko kibao ya sola, betri na jenereta, ila ukiipa namba za kukisia itakurudishia uongo wenye grafu nzuri.

Nilitamani kuliondoa jenereta kabisa nisiwe na moshi hata kidogo. Nikapiga hesabu ya zile siku za mawingu mfululizo, nikakuta nahitaji betri na paneli karibu mara tatu, ambazo muda mwingi wa mwaka zitakaa tu bila kazi. Ule moshi wa mwisho ndo wa gharama kuliko wote, muuza betri hawezi kukwambia hilo.

Kwa hiyo lipo. Mawingu yakizidi naliwasha masaa mawili matatu, linabeba mzigo wa asilimia 70 au 80 huku linachaji betri, afu nalizima. Na hata jua likiwaka mwezi mzima, kila baada ya wiki mbili naliwasha nusu saa na mashine ya kuchomelea ikiwa inafanya kazi, maana likikaa tu dizeli inaharibika na siku unalihitaji unakuta betri ya kuwashia imekufa.