Grammy za Al Jarreau ni 7, si 5

Kuna aliyeuliza kama Al Jarreau, mwimbaji wa Marekani, alishinda Grammy (tuzo za muziki za Marekani) nje ya jazi, na kuna aliyesema anazo 5. Ndiyo, alishinda nje ya jazi pia, tena kwenye pop na R&B. Mbili za kwanza, 1978 na 1979, ni za uimbaji wa jazi. Lakini 1982 ndiyo ya kukumbukwa: alichukua ya pop kwa albamu ya Breakin' Away, na ya jazi kwa Blue Rondo à la Turk, utunzi wa mpiga piano wa jazi Dave Brubeck ambao Jarreau aliutilia maneno. Mapigo ya wimbo huo ni 9 kwa kila mzunguko, yamegawanywa 2-2-2-3. Silabi moja ikichelewa, hilo kundi la 3 linakupita. Yeye aliimba humo kama anazungumza tu, jambo gumu mno.

Ya R&B ilikuja 1993 kwa Heaven and Earth. Mbili za 2007 alizipata pamoja na mpiga gitaa George Benson, na moja kati ya hizo wakiwa na mwimbaji Jill Scott. Ukiziacha hizo ndipo unapata 5.

Angalieni miaka: Breakin' Away ilitoka 1981, tuzo ikatolewa mwaka uliofuata.