Yesu Aliyeshika Tama

Mmeuliza wiki hii: "Ni picha gani ya dini iliyokugusa kuliko zote, na kwa nini?" Yangu ni ndogo, haizidi kiganja. Ni ukurasa wa mwanzo wa kitabu cha Mateso ya Bwana alichokichapisha mchoraji Albrecht Dürer kule Nuremberg, Ujerumani, mwaka 1511. Kurasa za ndani zimejaa askari, mijeledi na vurugu. Hapa mwanzoni yupo Yesu peke yake, amekaa juu ya jiwe, mgongo umepinda, taji la miiba kichwani, ameshika tama.

Tama ndiyo iliyoninasa. Nimelelewa na bibi, na kwake hilo lilikuwa kosa kubwa kuliko kuvunja chungu. Akikuona umeegemeza shavu mkononi, "Toa mkono huo! Unamwitia nani msiba?" Kumbe na Wajerumani wa enzi zile mkono shavuni ulikuwa ishara ya majonzi, na Dürer hakuona taabu kumpa Yesu mkao ambao bibi angeukemea.

Halafu tazama miguu: matundu ya misumari yapo tayari. Kama bado hajasulubiwa, yametoka wapi? Kama ameshafufuka, mbona amenuna? Nimesali Njia ya Msalaba miaka mingi, vituo kumi na vinne, na sijui hiki ningekiweka baada ya kipi.

Picha yenyewe ni chapa ya ubao: ubao ulichongwa, ukapakwa wino, ukagandamizwa kwenye karatasi. Palipo peusi pamebakizwa, palipo peupe pamechongwa pakaondoka, kama fundi mihuri anavyokata mpira wake. Kwa hiyo ule weupe mtupu unaomzunguka Yesu ni mbao iliyochimbwa, kipande kwa kipande, mpaka asibaki na mtu wala ukuta wa kuegemea.

Mwaka 1514, mwaka aliofiwa na mama yake, Dürer alichonga kwenye shaba mwanamke mwenye mabawa, naye kashika tama, vifaa vya kazi vimetapakaa pembeni. Mwaka huohuo akamchonga Mtakatifu Yeronimo chumbani kwake. Huyu naye yuko peke yake, ila hana unyonge hata kidogo: simba na mbwa wamelala, jua linapenya vioo vya dirisha, fuvu la mtu limekaa pale dirishani na mzee hana habari nalo. Anaandika. Wengi huipenda zaidi hiyo, na ni kweli ufundi wake unatisha. Lakini Yeronimo ana shughuli, mimi namtaka yule asiye na la kufanya.

Tulipoanua matanga ya bibi, wageni walirudisha masufuria na viti vya kukodi wakaenda zao. Nilibaki sebuleni na simu, picha ile ya 1511 imejaa kioo chote. Nilichelewa kugundua kwamba mkono wangu wa pili ulikuwa shavuni, na nyumba nzima hakuna aliyenikemea.