Wavu Kwanza, Jakuzi Baadaye

Wiki iliyopita dada mmoja anayejenga Kigamboni aliniandikia hivi: "Dada, jakuzi nimeshanunua, iko stoo. Fundi anasema niikalishe tu pale uani nianze kuitumia, mambo ya paa na wavu wa mbu tutamalizia nikipata hela. Unanishaurije?" Nilimjibu kwa kifupi kwamba asimsikilize. Baadaye nikaona jibu lile halitoshi, maana najua hayuko peke yake. Wengi mnaonisoma mko hatua hiyohiyo: nyumba imeisha au inakaribia kuisha, nyuma kumebaki kieneo, na mnataka mahali pa kupumzisha mwili bila kwenda kulipia hotelini. Basi leo naeleza yote.

Kwetu jambo lilianza na mgongo wa baba watoto. Mume wangu ameendesha malori ya masafa marefu, Dar hadi Tunduma na kuvuka mpaka, tangu hatujazaa mtoto wa kwanza. Alipoacha barabara, mgongo haukumwacha. Daktari wa viungo akamwambia maji ya moto yatamlegezea misuli kabla ya mazoezi. Mwanzoni nilikuwa namkanda kwa taulo na maji ya birika. Halafu tukasikia kuna mzungu anahama Masaki anauza vitu vyake, na jakuzi ya watu wanne imo. Mambo ya kupatana bei na kutafuta Fuso la kubebea nayaruka, hayana faida kwenu.

Faida iko kwenye kilichofuata. Sisi tunakaa Mbweni, si mbali na mikoko. Anayeijua Mbweni anajua saa kumi na mbili jioni kunavyokuwa. Mbu wanaanza, na kabla hawajachanganya vizuri wanakuja usubi, wale wadogo ambao huwaoni, unasikia tu ngozi inawaka. Na ukiwa kwenye jakuzi, kilichobaki nje ya maji ni kichwa, shingo na mabega, kwa hiyo wote wanahamia hapo. Nilimwambia mume wangu toka siku ya kwanza: kile chombo hakitiwi maji mpaka kibaraza chake kiwe na wavu pande zote. Nilisimama kwenye neno hilo na nashukuru nilisimama.

Watu wanadhani wavu ni wa kuzuia bughudha. Dar es Salaam tumepata milipuko ya dengue, wa 2014 na wa 2019, na aliyewahi kuuguza mgonjwa wa dengue hausahau ugonjwa ule. Mbu wa dengue si yule wa malaria anayesubiri umelala. Huyu anauma mchana, hasa asubuhi na jioni kabla giza halijaingia, yaani saa zilezile ambazo mtu anataka kujinyoosha kwenye maji baada ya kazi. Tena anataga kwenye maji masafi yaliyotuama: ndoo, kisahani cha chungu cha maua, maji ya mvua yaliyobaki juu ya mfuniko wa jakuzi. Mayai yake yanakaa makavu hata miezi, yakipata maji yanaanguliwa. Jakuzi inayofanya kazi, yenye dawa na pampu inayozungusha maji, haimpi nafasi. Jakuzi iliyozimwa uani ikisubiri "hela ya wavu" ni nyumba ya kuzalia mbu, umeinunua mwenyewe kwa pesa yako. Ndiyo maana nasema wavu kwanza.

Sasa nisimulie habari ya fundi wa kwanza, na nitaisimulia ingawa bado inaniuma. Tulikubaliana alumini. Tuliandikiana alumini. Nikasafiri kumuuguza mama yangu Tanga, niliporudi nikakuta fremu imesimama, imepakwa rangi ya kijivu inayong'aa, wavu umekazwa, kila kitu kizuri machoni. Kumbe ni bomba za chuma za mraba, zile nyembamba. Masika ilipopita tu, rangi ikaanza kuvimba kwenye maungio. Michirizi ya kutu ikateremka mpaka kwenye zege jeupe tulilolipiga msasa kwa mikono. Siku moja nikagusa skrubu moja ya pembeni kwa kidole, ikamong'onyoka kama biskuti. Ule upepo wa bahari unaoburudisha ndio unaobeba chumvi, na mvuke wa maji ya dawa unamalizia kazi. Nilimpigia yule fundi, akasema yuko mkoani. Nikapiga tena, hakupokea. Mpaka leo hapokei. Pesa ile ilikuwa ya kiinua mgongo cha mume wangu, mgongo huohuo tuliokuwa tunautafutia nafuu. Nimemsamehe kwa sababu dini yangu inanitaka nisamehe, lakini sijasahau, na nikimwona anajitangaza kwenye makundi ya WhatsApp nanyamaza kwa shida.

Fundi wa pili alitufundisha mengi, na yeye ndiye ninayempelekea watu wote. Kwanza alisema ukikaa karibu na bahari fremu iwe alumini iliyopigwa rangi ya kuchomwa kiwandani, siyo ya brashi. Halafu skrubu. Hapa ndipo watu wanapoibiwa hata wakinunua alumini nzuri. Skrubu ya chuma cha kawaida ikiingia kwenye alumini mahali penye chumvi na unyevu, vyuma viwili hivyo vinakulana, na alumini ndiyo inayoliwa. Dai stenlesi (chuma kisichoshika kutu upesi), na kwa pwani dai daraja la 316, kwa sababu la 304 nalo linapata madoa ya kutu karibu na bahari. Simama mwenyewe dukani, angalia kilichoandikwa kwenye pakiti.

Wavu wenyewe una mambo yake. Wavu wa kawaida wa madirisha, wenye matundu ya kama milimita 1.2, unazuia mbu vizuri. Usubi wanapita hapo kama hakuna kitu. Sisi wa jirani na mikoko tulilazimika kutafuta wavu wa matundu madogo zaidi, na tulikubali kupunguza upepo kidogo. Kama kwenu hakuna usubi, usijitie gharama hiyo. Rangi chukua nyeusi. Wavu mweupe unameremeta juani mpaka huoni bustani yako, mweusi macho yanaupita. Na chini usiufikishe sakafuni. Tulijenga ukuta mfupi wa tofali wa kimo cha goti kuzunguka pande zote, wavu ukaanzia juu yake, kwa sababu paka wa mtaani, mpira wa watoto na fagio la msichana wa kazi vyote vinapiga sehemu ya chini.

Mlango ufunguke kwenda nje, ili mbu waliojibandika juu yake wasiingie nao, na uwe na springi ya kujifunga wenyewe. Kwenye uwazi wa chini weka brashi ya mpira. Nimeona vibaraza vya mamilioni vyenye uwazi wa vidole viwili chini ya mlango, na mwenye nyumba analalamika kwamba wavu haufanyi kazi.

Wengine wananiuliza kwa nini nisiweke vioo kabisa, inapendeza zaidi. Hapana. Maji ya moto yenye klorini yanatoa mvuke na harufu, na ukiufungia mvuke huo ndani ya vioo unapata ukungu kwenye kuta, macho yanawasha, kifua kinabana. Wavu unapumua. Juu tu ndipo tulipoziba, kwa bati la msauzi lenye mteremko mzuri, kwa sababu masika ya Machi hadi Mei haina mzaha. Makuti ni mazuri, ila yanadondosha vumbi na wadudu kwenye maji, utakuwa mtumwa wa kusafisha kichujio.

Chini ya vyote hivyo kuna zege, na zege linafanyiwa hesabu. Lita moja ya maji ni kilo moja. Jakuzi yetu inachukua lita 1,200, ongeza uzito wa chombo na watu wanne, unakaribia tani 2 zilizokaa mahali pamoja. Vigae vya kibaraza cha zamani vilivyolazwa juu ya mchanga havibebi mzigo huo. Tulishindilia mawe, tukalaza BRC, ule wavu wa nondo za chuma, tukamwaga zege la inchi 6. Jakuzi inakaa palipo sawasawa kabisa, na sakafu inayoizunguka inateremkia kwenye mtaro. Acheni pia nafasi ya mtu kupita na kupiga magoti upande wa pampu, siku ikiharibika mtanikumbuka. Na jakuzi iingie kabla fremu haijafungwa! Jirani yetu alimaliza kibaraza kizuri halafu ikabidi abomoe upande mzima kwa sababu mlango ulikuwa wa sentimita 80. Kuingiza chombo kabla si kukitumia kabla, msichanganye. Kikae kikavu, kimefunikwa, mpaka wavu wa mwisho ukazwe.

Umeme msimpe mtu wa kubahatisha. Maji na umeme pamoja ni mauti. Tafuta fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, akuvutie laini ya peke yake kutoka kwenye meini swichi, akufungie kile kikata umeme cha miliampia 30 kinachoruka mara umeme unapovuja, na eathi ya kweli siyo nondo iliyochomekwa kwenye mchanga mkavu. Swichi ya kuzimia iwe mahali ambapo mtu aliye ndani ya maji hawezi kuifikia kwa mkono.

Gharama ya umeme wa LUKU ndiyo inayowatisha wengi, basi nawapa hesabu. Kupasha lita 1,200 kutoka digrii 27 hadi 38 kunakula kama uniti 15 na nusu. Kwa bei ya shilingi 356 kwa uniti ni kama shilingi 5,500. Ukifunika vizuri kwa mfuniko mzito, kesho yake unapandisha digrii chache tu na gharama inashuka sana. Ila ujue ile tarifu ya bei nafuu ya wanaotumia chini ya uniti 75 kwa mwezi utaiaga. Joto lisipite digrii 40, na mama mjamzito na watoto wadogo wasiingie kwenye maji ya moto. Mlango wa kibaraza uwe na komeo la juu, mfuniko uwe na kufuli. Klorini isipungue miligramu 3 kwa lita na pH, kile kipimo cha uchachu wa maji, ikae kati ya 7.0 na 7.8. Vijikaratasi vya kupimia vipo kwenye maduka ya vifaa vya bwawa. Maji ya vuguvugu yasiyo na dawa yanafuga bakteria wa kuleta homa ya mapafu, na wavu hauwazuii hao.

Kitu ambacho hakuna fundi aliyeniambia ni stara. Mchana wavu mweusi unakuficha, aliye nje haoni ndani. Usiku ukiwasha taa ndani mambo yanageuka, jirani wa ghorofani anakuona kama uko kwenye televisheni na wewe humwoni. Niligundua hilo kwa kutoka nje mwenyewe gizani na kuangalia. Tulishona mapazia mepesi upande wa jirani, na taa tukaziweka chini, karibu na sakafu, za mwanga hafifu wa njano. Sisi watu wa pwani tunajua thamani ya stara. Mambo ya ndani ya nyumba yabaki ndani.

Na maneno ya watu, jiandaeni nayo. Wifi yangu alisema mbele ya ukoo mzima, siku ya arobaini ya marehemu shemeji: "Watu wanapanga foleni na madumu, mwenzetu anayajengea maji nyumba." Sikumjibu, kwa heshima ya msiba, lakini neno lile nililala nalo. Lingekuwa la haki kama maji yale ningeyamwaga kila siku. Hayamwagwi. Yanachujwa, yanabadilishwa baada ya miezi mitatu au minne, na siku hiyo tunaacha kutia dawa mapema, klorini ikiisha yanakwenda kwenye migomba. Leo mama mkwe wangu, mama wa huyohuyo wifi, anapandishwa daladala kila Jumamosi kuja kuloweka magoti yake. Anakaa pale na khanga yake mpaka adhana ya magharibi, hakuna mbu anayemgusa, na akitoka anatembea mpaka mezani bila kushikwa mkono. Naona fahari, sifichi.

Ndugu zangu, tumejifunza kujengea wageni. Sebule kubwa ya wageni, sahani za wageni, choo cha wageni chenye kufuli. Mgongo wa mwenye nyumba haumo kwenye ramani. Jengeni kitu kimoja cha kuwatunza ninyi wenyewe na wazee wenu, na mkijenge kwa mpangilio: zege, fremu, wavu, umeme, halafu maji. Pesa ikiwa ndogo, anza na kibaraza chenye wavu bila jakuzi. Utakaa na viti vya plastiki, utakunywa chai jioni bila kuumwa, watoto watafanyia kazi zao za shule humo. Jakuzi itakuja, mahali pake pako tayari, mradi umeacha upande mmoja wa kuipitishia.

Kabla ya kuanza, pita ofisi ya ujenzi ya manispaa uulize kama nyongeza yako inahitaji kibali, kwa sababu paa na kuta fupi si mapambo tena. Na malipo ya fundi yagaweni. Msimamieni wakati wa kununua vifaa, piga picha kila hatua, na ile sehemu ya mwisho ya pesa zuia mpaka mvua moja kubwa ipige. Baada ya mvua pita na tochi kwenye maungio yote, kwenye kila skrubu, na chini ya mlango, yeye mwenyewe akiwa amesimama hapo. Akikataa sharti hilo tangu mwanzo, tafuta mwingine.