Kupiga picha za skeitibodi mkiwa safarini na marafiki

Picha ya skeitibodi, mchezo wa kuruka na ubao wenye magurudumu, isiyoonyesha mchezaji alikotoka na atakapotua haijakamilika, hata akiwa ameruka juu vipi. Ukizikata nje ya picha ngazi anazoruka, anabaki kuelea hewani tu. Kabla hujatoa kamera kwenye begi, muulize mwenzako mambo mawili: ubao unaachana na ardhi wapi, na magurudumu yanagusa chini wapi. Sehemu zote mbili ziingie kwenye picha.

Fokasi ya otomatiki izime. Mmoja wenu asimame pale mruko utakapofikia kilele, mlenge, ifunge fokasi, kisha aondoke. Jua likiwaka, anza na shata, yaani muda wa kamera kupokea mwanga, ya 1/1000 ya sekunde. Mikono ikitoka na ukungu, panda hadi 1/1600.

Wengi hushikilia kitufe wakaiacha kamera ipige mfululizo. Hebu piga hesabu: mchezaji anakwenda mita 5 kwa sekunde, kamera inapiga picha 10 kwa sekunde. Kati ya picha moja na nyingine ameshasogea nusu mita, na ile nukta ya nyayo kuudaka ubao uliomaliza kuzunguka imepotea hapo katikati. Bonyeza mara moja, mapema kidogo kuliko jicho linavyokutuma. Sikio nalo lisaidie: mkia wa ubao ukigonga sakafu, ta!, kilele kimekaribia. Kwenye kikflipi, yaani mruko wa kuuzungusha ubao kwa mguu, ngoja miguu iudake ubao. Kwenye graindi, yaani kuteleza juu ya ukingo, ngoja ekseli (vyuma vinavyoshika magurudumu) zikae juu ya ukingo huo.

Gizani ndiko picha nyingi huharibikia. Kwa kawaida shata haiendi na flashi kwa kasi zaidi ya 1/200 au 1/250, na kasi hiyo peke yake haimgandishi mtu aliye hewani. Kinachomgandisha ni mmweko wenyewe, nao huzidi kuwa mfupi kadiri nguvu ya flashi inavyopunguzwa. Weka nguvu ya flashi 1/8 au 1/16, isogeze karibu, kisha shusha mwanga wa mazingira stopu 1 au 2 (kila stopu ni kupunguza mwanga kwa nusu, au kuuongeza mara mbili). Usiposhusha, mikono itafuatwa na kivuli kama cha mzimu. Flashi mbili zinatosha, moja mbele pembeni, nyingine nyuma upande wa pili. Wanaopumzika wazishike, maana upepo huangusha stendi.

Mahali nako kuna mitego yake. MACBA, jumba la makumbusho la sanaa mjini Barcelona, jengo jeupe huidanganya kamera na mchezaji akatoka mweusi. Ongeza mwanga stopu 1. Southbank, London, mnacheza chini ya jengo, kwa hiyo anza na ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, ya 1600.

Lenzi ya jicho la samaki hufanya ngazi zionekane ndefu ukilala chini kabisa, ila inakutaka uwe nusu mita hivi kutoka kwa mchezaji, na kioo chake kilichovimba hakipokei filta ya kukinga. Usikae mbele anakoelekea. Ubao ukiponyoka, hukimbilia hukohuko.

Jaribuni mwanga kabla mchezaji hajaanza kuruka, kwa sababu kelele za ubao ndizo humwita mlinzi. Akifika, msalimieni, kusanyeni vitu, ondokeni.

Betri za akiba hazipakiwi kwenye mizigo ya tumboni mwa ndege. Zibebwe mkononi, ncha zimefunikwa. Kadi zinakiliwe kila usiku, nakala ikae kwenye begi la mtu mwingine.

Ukipata picha nzuri mchezaji akaanguka, usifungashe vifaa. Kwa wacheza skeitibodi, picha ya mruko ambao hakutua haihesabiwi. Ngojeni hadi atue.