Laki moja na nusu ya matangazo niipeleke wapi?

*Shikamoo Mama. Nauza mchele wa Kyela kwenye fremu ya uchochoroni, Soweto, Mbeya. Wanunuzi wangu ni majirani tu. Nimetenga shilingi 150,000 za kujitangaza. Mmoja ananishauri nikodi gari la spika lizunguke Mwanjelwa na Kabwe, mwingine anasema nilipie tangazo Instagram. Nifuate lipi?*
*Muuza mchele, Soweto*

Marahaba, mwanangu. Kwa sasa usifuate hata moja. Ukipiga spika Mwanjelwa kwamba una mchele wa Kyela, unamwambia mtu aliyesimama katikati ya magunia yenye jina hilohilo. Anajua mchele upo. Anachoogopa ni kuchanganyiwa. Wapishi wengi wa hapa Mbeya wameshabeba kilo kadhaa za "Kyela", wakafunua sufuria, harufu hakuna. Mchele wa Mbarali nao ni mzuri na una watu wake, lakini uuzwe kwa jina lake. Hili linaniuma, kwa sababu linawaharibia wakulima wa pande zote mbili.

Kwa hiyo tangaza uaminifu wako, na uutangaze kwa mambo yanayoshikika. Chomeka kibao kwenye kila gunia: umetoka wapi, kama ni Ipinda andika Ipinda, umekobolewa lini, ni mpya au wa msimu uliopita. Mweleze mnunuzi kwa mdomo kwamba mpya hautaki maji mengi, akizidisha anapata bokoboko. Asipoambiwa atalaumu mchele wako, na atawasimulia wenzake.

Halafu nenda kwa mama lishe wawili watatu wanaopikia mafundi na madereva wa bajaji. Wape kilo moja moja bure, wapike, watu wale. Wali ukinukia, walaji wenyewe watauliza umenunuliwa wapi, na mama lishe atakuwa na jibu. Hapo ndipo ningeweka fungu kubwa la hiyo laki na nusu yako.

Simu sasa. Pakua WhatsApp Business, ni ya bure. Weka picha za mchele wako na bei, weka na ujumbe wa kujijibu ukiwa umefunga duka. Ila kuna jambo wengi hawalijui: stetasi yako haimfikii mtu ambaye hajahifadhi namba yako. Hata ile orodha ya kutuma ujumbe mmoja kwa watu wengi, inayochukua hadi watu 256, asiyekuhifadhi hapati kitu. Ndiyo maana utaona mtu anarusha picha asubuhi mpaka jioni na zinatazamwa na shemeji zake. Kabla mteja hajaondoka dukani, mwombe kwa upole akuhifadhi palepale, nawe umhifadhi kwa jina litakalokusaidia: "Mama Neema, Block T, kilo 10". Muulize kilo kumi humaliza kwa muda gani. Siku zikikaribia, mwandikie yeye peke yake: "Mama, mchele unaelekea kuisha? Bodaboda anapita Block T saa kumi jioni." Ujumbe huo mmoja utauza kuliko picha ishirini za stetasi.

Kitakachobaki kigawe: stika za mifuko zenye namba ya simu na lipa namba kwa maandishi makubwa, na kibao chenye mshale pale uchochoro unapoanzia. Kabla ya kukichomeka, uliza ofisi ya mtaa na halmashauri, maana mabango hulipiwa. Na mwanzoni mwa Agosti, Nane Nane ikianza viwanja vya John Mwakangale, tafuta kikundi mchangie banda, upike wali watu waonje. Instagram itakusubiri.

*Mama, mimi ni fundi cherehani Makambako. Wateja wamepungua. Nikishusha bei, si ndiyo tangazo?*
*Fundi, Makambako*

Usishushe, fundi. Ukishusha leo, kuipandisha tena ni kugombana na watu. Kinachowakimbiza watu kwa mafundi ni "njoo kesho". Andika tarehe ya kuchukua nguo kwenye karatasi, mpe mteja nakala, na ubandike ukutani: *Nikichelewesha siku moja, punguzo linakuhusu.* Lakini usibandike kabla hujahesabu unaweza kushona nguo ngapi kwa wiki.

Pia uko njiapanda, watu wa Njombe na Songea wanashukia hapo. Tundika masweta na makoti mbele ya duka kuanzia Mei, kabla baridi ya Juni haijakolea. Sare za shule anza kuzitangaza Novemba, ukipokea malipo kidogo kidogo, kwa sababu Januari mzazi ana ada, madaftari na viatu, na fundi ndiye anayekopwa.