Kabla ya kusikiliza, soma jalada

Wewe unayeanza kusomea sanaa ya kisasa, hutakaa muda mrefu kabla ya kukutana na ule muziki wa Uingereza uliofuata panki (roki ya makelele ya vijana waasi), wa kuanzia kama 1978. Mimi mara ya kwanza nilisikia makelele ya gitaa tu. Nikaandika kurasa sita kuhusu hasira za vijana. Mwalimu hakusahihisha hata mstari; aliandika juu kabisa: nani alilipia hiyo santuri?

Nikaenda maktaba kutazama jalada la santuri ya kwanza ya bendi ya Scritti Politti, ya 1978. Karatasi ya kufotokopi, na juu yake wameorodhesha gharama: kurekodi, kuchapa santuri, karatasi za lebo za kubandika katikati yake. Yaani risiti, ili wewe uliyeinunua ujue nawe unaweza kutoa yako bila kupigia magoti kampuni kubwa. Siasa yao ilikuwa pale, kwenye hesabu, kabla hata sindano haijagusa santuri.

Tangu hapo nasoma majalada kwanza. La bendi ya Gang of Four la 1979, watu waliopitia idara ya sanaa Chuo Kikuu cha Leeds, lina picha tatu za mchunga ng'ombe akipeana mkono na Mhindi Mwekundu, yaani mwenyeji asilia wa Marekani. Wote wanatabasamu. Maneno ya pembeni ndiyo yanayokuambia kwamba mmoja anatapeliwa. Uking'amua picha na maneno vinavyosutana pale, nusu ya maonyesho ya leo hayatakutisha.

Usimpite Linder, msanii wa kike wa Uingereza. Alikata kwa kisu magazeti ya akina mama na yale ya wanaume ya picha za uchi, akabandika: mwanamke mtupu, kichwa chake pasi ya umeme. Likawa jalada la santuri ya bendi ya Buzzcocks mwaka 1977, na leo kazi zake zimo Tate, jumba la makumbusho ya sanaa la Uingereza. Mwaka 1982 alipanda jukwaani Haçienda, klabu ya muziki ya Manchester, amevaa gauni la nyama. (Wanaodhani mwimbaji Lady Gaga ndiye aliyeanza kuvaa nyama, 2010, waeleze taratibu.)

Ile fulana nyeusi yenye mistari ya mawimbi, ya jalada la bendi ya Joy Division, iache. Ni mawimbi ya redio kutoka kwenye nyota, ni nzuri, na kila mwanafunzi ameshaiandikia.

Siku hizi nikiingia kwenye maonyesho, kabla ya picha yoyote natafuta majina ya wafadhili. Mara nyingi nayakuta kwa herufi ndogo, karibu na mlango wa kutokea.