Maswali ya Wasomaji: Wanyama Wamekwenda Wapi?

SWALI: Shikamoo Mzee. Mwaka jana, mwisho wa kiangazi, mimi na mume wangu tulipiga kambi kando ya bwawa dogo porini. Tuliona pundamilia, swala pala, ngiri, na twiga aliyepanua miguu ili ashushe shingo anywe. Mwaka huu tumerudi palepale mvua zikiwa zimekolea. Siku tatu, nyasi tupu! Mwenye kambi anasema wanyama wapo. Anatudanganya? Tutafute kambi nyingine?

JIBU: Marahaba mwanangu. Hajawadanganya, na kambi msiihame.

Mwaka jana bwawa lile lilikuwa kisima cha mtaa mzima. Pundamilia hawezi kukaa mbali na maji kwa siku nyingi, kwa hiyo kiangazi kikikaza lazima aje, apende asipende, na simba anajua hivyo. Mvua ikishanyesha, kila shimo lina maji, hata alama za kwato. Nani atarudi kunywa mlangoni kwa adui? Wametawanyika, na nyasi zimewafunika. Nikuulize: digidigi mlimwona bwawani mwaka jana? Sidhani. Yeye maji yake mengi huyapata kwenye majani, kiangazi na masika.

Mimi nina mti wangu mmoja ambao nimefunga hema chini yake kwa miaka mingi, majira yote, na daftari limejaa. Kurasa za kiangazi zina majina makubwa makubwa. Za mvua zina vidudu na ndege, na ndizo ninazozirudia.

Mtazame mnana anavyosuka kiota, kwa mfano. Dume anatua kwenye jani refu, analing'ata ukingoni, kisha anaruka nalo na utepe mwembamba unachanika kufuata mdomo wake. Anaufunga kwenye kijiti kwa fundo. Anaongeza, anaongeza, mpaka anapata pete, halafu anasimama ndani ya pete hiyohiyo na kusuka kuuzunguka mwili wake, kama fundi anayejengea nyumba kwa kipimo cha mkono wake mwenyewe. Ikiisha, ananing'inia mlangoni kichwa chini, anapiga mabawa na kelele juu. Jike anaingia, anavuta nyuzi moja moja kuona kama zinashika, anaondoka zake. Kiota kikikauka na kugeuka rangi kabla hakijapata mwenyewe, dume hukifumua na kuanza upya. Nilimhesabia mmoja viota vitatu. Kiangazi hamuoni hayo, maana majani mabichi ya kusukia hayapo.

Jioni baada ya mvua kubwa subirini kumbikumbi. Ardhi inapasuka matundu madogo, wanatoka kama moshi, na kila mwenye mdomo anafika: vyura, mijusi, ndege ambao kwa kawaida wanalana wao kwa wao. Kama mvua zenu ni za kati ya Novemba na Machi, mbayuwayu aliyekaa kwenye kamba ya hema ana uzito wa gramu 20 hivi, na huenda alizaliwa kwenye banda la ng'ombe huko Ulaya.

Kisha amkeni mapema, jua likiwa bado chini, mwende kwenye tope. Mwanga wa ubavuni huijaza kila alama kivuli. Unyayo wenye vidole vinne na kucha mbele yake unaweza kuwa wa fisi. Wa chui hauna alama ya kucha, maana huzirudisha ndani anapotembea. Mtu wa nchi za theluji atakwambia majira yake ya baridi ni daftari la namna hiyo hiyo, maana theluji nayo hushika nyayo.

SWALI: Mzee, usiku tunamulika kwa tochi kali, tunaona macho yanang'aa halafu yanatoweka. Tunakosea wapi?

JIBU: Ukali wenyewe ndio kosa. Wanyama wengi wa usiku wana utando nyuma ya jicho unaorudisha mwanga, na hurudi kulekule ulikotoka. Ndiyo sababu tochi ishikwe karibu na macho yako. Ukiishika kiunoni hutaona kitu. Funikeni kioo chake kwa kitambaa chekundu, kwa kuwa wengi wao rangi hiyo hawaioni vizuri. Komba msimmulike usoni hata kwa mchezo: anaruka toka tawi hadi tawi gizani, na mliyempofusha anaweza kukosa tawi. Mwezi ukiwa mpevu, zimeni kabisa.

SWALI: Mwanangu anataka kuwapa tumbili mabaki ya chakula. Kuna ubaya?

JIBU: Upo. Leo atapokea, kesho atafungua hema mwenyewe, na akishazoea kunyang'anya watu mwisho wake huwa ni kuuawa. Masufuria yaoshwe kabla ya kulala, chakula kifungiwe garini.

Viatu navyo viingie ndani. Vyangu vya ngozi niliviacha mlangoni usiku mmoja. Asubuhi nilikuta kimoja tu, na kwenye tope nyayo za vidole vinne, kucha zikionekana wazi, zikielekea kichakani bila haraka yoyote.